Ukonfusio wa Vietnam: wa kupewa au wa kujichukulia?

Kuna wasomi wanaoiweka Vietnam kwenye ukoo mmoja na China, Korea na Japani. Hoja yao ni kwamba nchi zote nne zimelelewa na mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China: kuwatii wazazi, kumheshimu mwalimu, kuwakumbuka mababu kwa ibada, na kupanda cheo kwa elimu. Wengine hawataki kabisa kusikia hayo. Kwao Vietnam ni nchi ya Asia ya Kusini-Mashariki, ndugu wa Laos na Kambodia, na Ukonfusio ulikuwa joho la watu wa ikulu ambalo mkulima hakuwahi kulivaa. Nadhani pande zote mbili zinairuka karne ya 15, na humo ndimo jibu lilimo.

Upande wa kwanza unajivunia mawe. Mjini Hanoi lipo Văn Miếu, hekalu la Confucius lililojengwa mwaka 1070. Mwaka 1075 ufalme uliendesha mtihani wake wa kwanza wa kuwapata maofisa, na mfumo huo ukadumu hadi 1919, Wafaransa wakiwa tayari ndio watawala. Ndani ya ua wa hekalu yamesimama mabamba 82, kila moja juu ya mgongo wa kobe wa jiwe, yakiwa na majina ya waliofaulu mitihani ya juu kati ya 1442 na 1779. Wanafunzi wa siku hizi walizoea kwenda kuwapapasa kobe hao vichwani kabla ya mtihani ili wapate bahati, hadi mawe yakaanza kulika na ikabidi uwekwe uzio. Wengi wao hawawezi kusoma hata mstari mmoja wa yaliyochongwa pale, kwani ni herufi za Kichina na Vietnam sasa inaandika kwa herufi za Kilatini. Kusoma kumepotea, lakini imani kwa mtihani haijaondoka.

Hata wakomunisti hawakuufuta urithi huo. Ho Chi Minh, kiongozi wao, alikuwa mtoto wa msomi aliyefaulu mtihani wa kifalme mwaka 1901, naye aliyachukua maadili mawili ya kale, utii kwa mfalme na utii kwa wazazi, akayageuza yawe uaminifu kwa nchi na kwa wananchi.

Upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Una sheria. Chini ya ukoo wa kifalme wa Lê, ulioanza karne ya 15, mume aliyemtelekeza mkewe kwa miezi mitano aliweza kumpoteza mke huyo, akishashtakiwa kwa wakubwa. Kama walikuwa na watoto, muda ulikuwa mwaka mmoja. Binti alirithi. Familia isipokuwa na mtoto wa kiume, binti mkubwa ndiye aliyekabidhiwa fungu la mali ya ibada ya mababu, wanaloliita mali ya ubani na moto. Confucius wa vitabuni asingeipitisha sheria hiyo kwa urahisi. Ongeza msemo wa Wavietnam wenyewe kwamba sheria ya mfalme hushindwa na desturi ya kijiji, na ibada za miungu ya kike zinazoendelea mpaka leo, uone jinsi hoja ya joho la ikulu inavyopata nguvu.

Lakini sheria hiyo ilitoka wapi? Inahusishwa na Lê Thánh Tông, aliyetawala kuanzia 1460 hadi 1497. Ni mfalme huyohuyo aliyeanza kusimamisha yale mabamba ya Văn Miếu, mwaka 1484, na aliyeeneza mitihani kuliko yeyote kabla yake. Kwa hiyo ushahidi wa pande zote mbili umetoka kwenye meza moja.

China iliitawala nchi hiyo karibu miaka elfu, tangu 111 KK hadi karne ya 10, halafu ikarudi chini ya ukoo wa Ming kati ya 1407 na 1427. Hata hivyo Ukonfusio ulishika dola barabara baada ya Wachina kutimuliwa na Lê Lợi, mwanzilishi wa ukoo wa Lê. Tangazo la ushindi la 1428, lililoandikwa na mshauri wake Nguyễn Trãi, linasema kwamba kaskazini (China) na kusini (Vietnam) zina desturi tofauti, na linasema hivyo kwa Kichina cha kale! Sioni kinaya hapo, naona hesabu za kisiasa. Mfalme wa Lê alizungukwa na familia za majenerali walioupa ukoo wake kiti, na ofisa aliyepata cheo kwa mtihani hakuwa na deni kwa familia hizo. Mfalme alichukua kwa Wachina alichokihitaji, na mirathi ya mabinti akaiacha ilivyokuwa.

Waliokuja kunakili kwa mkono mzito ni wafalme wa ukoo wa Nguyễn, karne ya 19. Sheria ya Gia Long, mfalme wao wa kwanza, iliyotolewa miaka ya 1810 ilifuata ile ya ukoo wa Qing wa China karibu kifungu kwa kifungu, na haki za wanawake zikapunguzwa. Mengi yanayoitwa leo mila za tangu na tangu nchini Vietnam yana umri wa karne mbili tu.

Ndiyo maana nasita mtu anapomtaja Confucius kueleza kila kitu. Vijana wa Vietnam walipofanya vizuri kwenye mtihani wa kimataifa wa PISA mwaka 2012, sifa zilimwendea yeye, ilhali serikali ilikuwa ikitumia takriban moja ya tano ya bajeti kwa elimu, na vijana wengi wa miaka 15 walikuwa nje ya shule, hawakupimwa.

Kwenye kupendelea watoto wa kiume, hata hivyo, siwezi kumwachilia Confucius. Sensa ya 2019 ilionyesha wavulana 111.5 kwa kila wasichana 100 wanaozaliwa, wakati kawaida ni kama 105. Mashine za ultrasaundi, zinazoonyesha jinsia ya mimba, na sera ya watoto wawili, iliyofutwa mwaka 2025, zimechangia, lakini zilikuwa nchi nzima. Pengo ni kubwa zaidi kaskazini, kwenye Delta ya Mto Mwekundu, palipo na vijiji vya kale vya wasomi wa mitihani, na ni dogo zaidi kwenye Delta ya Mekong, ambako Wavietnam walihamia karne za karibuni. Anayesema joho halikufika kijijini anahitaji kuieleza tofauti hiyo, na sijaona akifanya hivyo.