Utafiti wa kwa jirani: tuupokee au tuurudie?

Mtoto akifikishwa wodini na homa kali, daktari humbinya ukucha wa kidole mpaka uwe mweupe, kisha huachia na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Halafu hushika mguu na kupandisha kiganja taratibu, akitafuta pale ubaridi unapoishia na joto linapoanzia. Damu ikichelewa kurudi kwenye ukucha, na mguu ukiwa wa baridi ilhali kifua kinawaka, ujue mzunguko wa damu umezidiwa. Kwa miaka mingi hatua iliyoshauriwa baada ya hapo ilikuwa moja: dripu ya haraka, maji mengi ndani ya muda mfupi. Ndivyo vitabu vilivyosema, na vitabu vilitoka Ulaya na Marekani.

Utafiti ulioitwa FEAST ndio uliothubutu kuuliza kama maneno hayo ni kweli kwa watoto wa huku. Ulifanyika katika hospitali sita: nne za Uganda, moja ya Kilifi nchini Kenya na moja ya Muheza, Tanga. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili nilizozitaja waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi, la pili dripu ya haraka ya albumini (protini ya damu), la tatu halikupewa dripu ya haraka kabisa. Lilipata maji ya taratibu tu pamoja na dawa kama wenzao. Waliokuwa wanaharisha au wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya kutimiza idadi iliyopangwa, kwa sababu hesabu zilikuwa zimegeuka. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa dripu ya haraka walikufa 10 hadi 11. Kati ya wale ambao hawakupewa, walikufa 7.

Tofauti hiyo ni ya watoto watatu katika kila mia, na dripu ya haraka ilikuwa imeshashauriwa vitabuni miaka mingi kabla ya kupimwa kwa jaribio kubwa namna hii.

Ukifuatilia shina la mwongozo wenyewe wa dripu ya haraka, unashangaa zaidi. Moja ya tafiti zilizotegemewa sana ilichapishwa Marekani mwaka 1991, ikiwa na watoto 34 waliolazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Watoto 34, wenye mashine ya kupumulia pembeni na muuguzi asiyeondoka kitandani. Kutoka hapo ushauri ulivuka bahari mpaka kwenye wodi ambako muuguzi mmoja ana vitanda ishirini, na watoto wengi wana malaria na wamepungukiwa damu.

Basi katika mjadala wa kama tuupokee utafiti wa nje au tuurudie hapa, upande wa kwanza una hoja nzito: kila kinachokuja kutoka nje kijaribiwe kwanza hapa, la sivyo tutaendelea kuzika kwa makosa ya vitabu. Nimesikia hoja hii ikitolewa hata na watu wasiopenda utafiti, na hapo ndipo ninapoanza kuwa mwangalifu nayo. Maneno “ushahidi wa hapa kwetu” yanaweza kuwa kiu ya ukweli, na yanaweza pia kuwa kisingizio cha kuliweka faili mezani miaka mitano.

Kurudia nako kuna gharama. Mwaka 2005 utafiti wa Orange Farm, Afrika Kusini, ulionyesha kuwa tohara ya wanaume inapunguza maambukizi ya VVU kwa karibu asilimia 60. Wakati huo tafiti mbili za aina hiyohiyo zilikuwa zikiendelea, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda. Ziliendelea mpaka Desemba 2006, nazo zikasimamishwa baada ya kuonyesha takriban kitu kilekile. Miezi yote hiyo wanaume wa kundi la ulinganisho, ambao hawakutahiriwa, walikuwa wanasubiri. Je, walikosewa? Sidhani ni rahisi kusema. Jibu la Afrika Kusini likiwa peke yake lingebishiwa, lakini majibu matatu kutoka nchi tatu yalifanya Shirika la Afya Duniani litoe pendekezo lake Machi 2007 bila kusuasua. Hata hivyo, kama kila nchi ya ukanda huu ingedai ya kwake, leo tungekuwa bado tunahesabu.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni ule wa maji, vyoo na kunawa mikono, kwa sababu ulifanyika nchi mbili kwa wakati mmoja kwa makusudi. Unaitwa WASH Benefits. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018: Bangladesh kwa upande mmoja, na magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, kwa upande wa pili. Swali lilikuwa moja, na vipimo vilikuwa karibu sawa. Familia zilipewa njia ya kutibu maji kwa klorini, choo bora, sehemu ya kunawia yenye maji na sabuni, au virutubisho vya mtoto; nyingine zilipewa mchanganyiko wa hivyo. Bangladesh, kuhara kwa watoto kulipungua karibu katika kila kundi, isipokuwa lile la maji peke yake. Kenya hakukupungua popote.

Msomaji wa haraka atasema: basi Kenya klorini haifanyi kazi. Lakini mdudu wa kuharisha hajui pasipoti, na klorini inamuua Dhaka kama inavyomuua Kakamega. Tazama badala yake jinsi kitu chenyewe kilivyomfikia mama. Kenya, kitangi cha klorini kilifungwa kwenye nguzo karibu na chemchemi. Mama anafika na dumu lake la lita 20, anazungusha valvu mara moja, dozi inadondoka dumuni, anakinga maji na kuondoka. Siku ambayo ana haraka, au mtoto ndiye aliyetumwa maji, valvu haizungushwi na hakuna wa kuuliza. Bangladesh, wahamasishaji walipita nyumbani kwa wastani wa mara sita kwa mwezi. Kenya walipita takriban mara moja.

Kwa hiyo kilichopimwa Bangladesh hakikuwa klorini na sabuni tu. Kilikuwa klorini, sabuni na mtu anayebisha hodi kila baada ya siku tano. Anayeichukua sabuni akamwacha mtu huyo amechukua nusu ya dawa.

Katika utafiti huohuo kuna kitu kilichosafiri vizuri. Virutubisho viliongeza kimo cha watoto kidogo, Bangladesh na Kenya vilevile. Na maji, vyoo na kunawa mikono havikuongeza kimo popote. Ungeweza kuishia hapo na kujenga kanuni: mambo ya mwili yapokee, mambo ya mwenendo yarudie. Ningependa iwe hivyo, ingetupunguzia vikao. Tatizo ni FEAST. Dripu ni jambo la mwili mtupu, na bado ilivuka bahari ikaua, katika mwili ambao mara nyingi ulikuwa na malaria na damu pungufu, bila mashine ya kuusaidia pumzi zikikwama.

Kati ya kupokea na kurudia iko njia ya tatu, na mfano wake mzuri uko Mwanza. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kwa dozi tatu. Fununu kwamba dozi moja inaweza kutosha ilitoka kwa wanawake wa Costa Rica ambao hawakumaliza dozi zao, na wasichana wa India ambao mwaka 2010 utafiti wao ulikatizwa na serikali baadhi yao wakiwa wamechomwa mara moja tu. Swali la hapa lilikuwa la haki: msichana anayeugua malaria na minyoo, mwili wake utajenga kinga ileile? Kenya ilijibu kwa jaribio kamili la wanawake 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi sugu ya aina 16 na 18 za kirusi cha HPV, zile zinazoongoza kuleta saratani hiyo. Mwanza walikwenda kwa njia fupi zaidi: wasichana 930 walichomwa, damu yao ikapimwa, na viwango vya kinga vikalinganishwa na vya wenzao wa nje ambao ulinzi wao ulishajulikana. Hawakusubiri mtu aambukizwe. Walipima lile jambo moja lililokuwa na shaka, yaani kinga ya mwili. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja.

Jambo lingine huwa halisemwi sana: safari ya ushahidi ina upande mmoja wenye foleni. Watoto 34 wa Marekani waliingia Muheza bila kuulizwa chochote. Watoto 3,141 wa Muheza, Kilifi na Uganda walipotoka kwenda nje, waliulizwa maswali yote, na mengi yalikuwa ya haki. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu watoto wenye maambukizi makali ukatofautisha: penye chumba cha mahututi, dripu ya haraka inaruhusiwa kwa uangalifu; pasipo nacho, na shinikizo la damu la mtoto halijashuka, isitumike. Huo kwangu ndio uandishi wa kweli, unaotaja chumba kabla ya kutaja dawa.

Sasa turudi kwenye zile hodi za Bangladesh. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja akipangiwa kaya zipatazo 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Tanzania ilizindua mpango wake wa wahudumu wa ngazi ya jamii Januari 2024. Mtu akitaka matokeo ya Bangladesh kwa mpangilio wa Kenya, hesabu ni hii: kaya 100 mara sita ni hodi 600 kwa mwezi, yaani ishirini kwa siku, Jumapili ikiwemo.