Kofia ya kichanga, sindano tano na hii fasheni ya kuvuta waya

Naomba niseme mapema ili tusije kununiana huko mbele: kwa vitu vyembamba vya duara, yani soksi za mtoto, kofia ya kichanga, vidole vya glavu, mkono wa sweta ya mtoto wa miezi mitatu, mi bado niko upande wa sindano za ncha mbili, zile fupi zinazouzwa tano tano, na hizi video zinazowaambia wanaoanza kwamba hizo ni za kizamani na saivi ni mwendo wa waya mrefu tu, yani sindano mbili zilizoungwa na waya unaokunjika, jamani, zinawapa watu hasara. Sisemi waya ni mbaya. Ninao, nautumia, na nitasema wapi. Ila mtu ndo kwanza anashika sindano, hajajua hata uzi wake unavutika vipi, unamtuma akanunue sindano ya waya ya sentimita 100 ili afume soksi ya kuingia kidole gumba? Hapana.

Huku kwetu nyanda za juu, Njombe, Makete, Mafinga, ukifika mwezi wa sita na wa saba baridi haina mjadala, kwahiyo kufuma sio hobi ya kupigia picha, mtoto akizaliwa anahitaji kofia leo hii. Na kichanga anapoteza joto haraka, kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, ndomaana hata wale njiti wanaobebwa kifuani ngozi kwa ngozi wanavalishwa kofia na soksi. Wengi wetu tulifundishwa na mama zetu na mashangazi kufuma kipande bapa kwa zile sindano mbili ndefu zenye kichwa, afu unakunja unashona ubavu. Sio dhambi, inakaa vizuri tu kwenye sweta. Ila kwenye kofia ya kichanga ule mshono anaulalia, siku nzima, maana kazi yake ni kulala, na kwenye soksi unapita kwenye kisigino au chini ya unyayo. Ndo hapo duara inapolipa, hakuna mshono kabisa.

Sasa tatizo la duara ndogo ni hesabu, na watu wakishaielewa hii hesabu nusu ya maswali yanaisha. Kichwa cha kichanga aliyetimiza miezi yake ni kama sentimita 35 kuzunguka. Kofia unaifanya ndogo kidogo ili ikamate, tuseme 33. Kwa uzi wa kawaida wa sweta na sindano ya milimita 4, mi napata vitanzi 22 kwenye sentimita 10, kwahiyo 72 vinanipa karibu 33, safi. Lakini sindano fupi ya waya inayopatikana kirahisi ni ya sentimita 40. Kazi yako ina 33. Utazivutaje 33 zizunguke 40? Utazilazimisha, vitanzi vitanyooka mpaka vilie, na kila baada ya vitanzi kadhaa unasukuma kwa dole gumba mpaka kucha inauma. Hiyo 40 ni ya kofia ya mtu mzima, na hata huko ukifika utosini unapoanza kupunguza inakufia mkononi, lazima uhamie kitu kingine. Kuna zile ndogo sana za sentimita 23, watu wa soksi za wakubwa wanazipenda, ila soksi ya kichanga ina 14 au 15 tu, kwahiyo hesabu ni ileile inakukataa, na juu ya hapo vile vishikio vyake ni vifupi mno, mwenye vidole virefu kama vyangu anashika hewa.

Sindano za ncha mbili hazina hilo tatizo kwasababu hazina mduara wa kudumu, duara unalitengeneza mwenyewe, liwe vitanzi 72 au vinane.

Na hapa nawaomba sana, zitumieni zote tano. Nimeona seti inafunguliwa, moja inawekwa pembeni kama spea, mtu anagawa vitanzi kwenye tatu na anafuma na ya nne. Inafanya kazi, na ni njia ya zamani sana, kuna mchoro wa altare huko Hamburg, kazi ya Meister Bertram, wa miaka ya 1400 hivi, Bikira Maria kakaa anafuma nguo ya Mtoto Yesu kwa sindano zilizozunguka shingo ya nguo, na mi kila nikiuona nafurahi maana shingo ya nguo ya mtoto ni duara dogo, tatizo lake ndo tatizo langu. Lakini ukiwa na tatu unapata pembetatu, kona zake kali, uzi unavutwa sana ukihama sindano moja kwenda nyingine. Ukiwa na nne unapata mraba, kona zimelegea, kazi inalala vizuri. Afu angalia utamu wa hesabu: 72 kwa sindano nne ni 18 kila moja. Ukifika utosini unapunguza katikati ya sindano na mwisho wa sindano, yani unafuma saba, unaunganisha mbili, unafuma saba, unaunganisha mbili, na sindano inayofuata hivohivo, basi. Mzunguko unaofuata unafuma tu bila kupunguza. Unatoka 72 kwenda 64, 56, 48, mpaka vinabaki vinane, viwili kila sindano, unakata uzi unaupitisha humo unavuta unafunga. Hujaweka alama hata moja, sindano zenyewe ndo zinakuhesabia. Kwenye soksi hivohivo, vitanzi 32, vinane kila sindano, ukifika kisigino unahamishia sindano mbili kwenye moja unafanya kazi na hivyo 16 na zile mbili za mbele zinakaa kimya zinasubiri.

Najua mtakachosema. Ngazi. Ule mstari wa matundu matundu unaopanda juu pale sindano mbili zinapokutana, ndo watu wengi wanaukimbia wanaenda kwenye waya. Kwanza waya nao una ngazi, ukifuma kwa kuvuta waya una mikunjo miwili, kushoto na kulia, na pale napo uzi unalegea, tofauti ni kwamba ni mbili badala ya nne. Pili ngazi inatibika. Wengi wanakaza kitanzi cha kwanza cha sindano mpya kwa nguvu zote, na hakisaidii sana, kwasababu ukishaenda cha pili kile cha kwanza kinalegea tena. Fuma cha kwanza kawaida, cha pili ndo ukivute, hapo unakuwa umekaza na kile kilichopita. Na kama unafanya ukingo wa kuvutika, moja kawaida moja kinyume, panga vitanzi vyako kila sindano ianze na cha kawaida, maana cha kinyume kikiwa mwanzoni mwa sindano kinakula uzi mrefu na kinaacha nafasi. Ukiona bado ngazi ipo, fuma vitanzi viwili vya sindano inayofuata kila unapofika mwisho, kona zinahamahama hazikai sehemu moja, ila hapo sasa alama ya kamba ya rangi utaihitaji kujua mzunguko unaanzia wapi.

Kitu kingine kinachowatoa watu jasho ni kule kuunganisha mwanzoni, vitanzi vinajisokota kwenye sindano, unafunga duara, unakuja kugundua baada ya mizunguko mitano kwamba kofia imejipinda na haipindukiki, ni kufumua tu. Dawa ya wavivu, nami ni mmoja wao: fuma mistari miwili ya kwanza bapa, kwenda na kurudi, ukingo upate uzito kidogo, ndo uunganishe. Kale kauwazi kadogo kanakobaki chini unakaziba na ule mkia wa uzi wa kuanzia.

Tuje kwenye kununua, na hapa kuna mtego mkubwa ambao hauelezwi. Wazee wetu walitufundisha namba za Kiingereza cha zamani, sindano namba 8, namba 10, na namba 8 hiyo ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 14 ni milimita 2. Namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Sio uchawi, zile namba zimetoka kwenye vipimo vya waya wa chuma huko Uingereza, waya kadiri ulivyopitishwa kwenye matundu ya kuunyoosha ndivyo ulivyozidi kuwa mwembamba na namba ikazidi kuwa kubwa. Sasa patani nyingi za mtandaoni ni za Kimarekani, na kwao inaenda kinyume, namba ikipanda na unene unapanda, namba 8 yao ni milimita 5. Unaona balaa? Patani inasema 8, unachukua 8 aliyokuachia bibi, unafuma kofia ya mdoli. Achaneni na namba, ulizeni milimita, seti nyingi za kichina zinazokuja saivi zimegongwa milimita ubavuni au kwenye pakti.

Na urefu je? Sentimita 15 kwa vitu vya kichanga na glavu, 20 kwa soksi za wakubwa na utosi wa kofia. Zaidi ya hapo ni kujichoma viganja.

Material ndo linabadilisha mambo zaidi kuliko hata njia unayochagua. Uzi wetu wa madukani ni akriliki, unateleza, na sindano ya chuma nayo inateleza, ukikutanisha hivyo viwili na mkono wa anayeanza, sindano inachomoka yenyewe inaanguka chini kwenye sakafu, kling, na vitanzi 18 vinakuangalia. Anayeanza achukue za mianzi. Kama seti huipati dukani, na huku mikoani mara nyingi huipati, nunua vijiti vya mishikaki, chagua vilivyonyooka vyenye unene sawa, vingi ni milimita 3 hivi, kata sentimita 15 au 20, chonga ncha zote mbili kwa kichongeo cha penseli ila usiiache kali, piga msasa mpaka ukipitisha kwenye soksi ya nailoni haikwami, afu sugua kipande cha mshumaa ufute na kitambaa. Umemaliza, sindano tano kwa hela ya vocha ndogo. Zikivunjika unachonga nyingine.

Spoku za baiskeli nazo zina historia yake, watoto wengi vijijini wamejifunzia kufuma kwa spoku, fundi baiskeli anakukatia kile kichwa kilichopinda na ule upande wenye nyuzi za kukazia, anakupigia tupa. Mi nazipenda kwa moyo lakini kwa akili nasema zina mpaka. Spoku ya kawaida ina milimita 2, ni ileile namba 14 ya bibi, na ni nyembamba mno kwa uzi wa sweta, utapata kitambaa kigumu kama turubai ambacho hakivutiki kichwani kwa mtoto. Itumieni kwa uzi mwembamba wa soksi tu. Na angalieni kutu, ikishaanza inachora uzi mweupe na haitoki.

Haya, waya. Wanaouvuta, yani unachukua sindano ya waya mrefu, 80 mpaka 100, unagawa vitanzi nusu kwa nusu, unachomoa kitanzi cha waya pembeni, unafuma nusu, unageuza, unavuta tena. Ni akili nzuri, sikatai, na ukiwa kwenye daladala una faida ya wazi kwamba hakuna sindano ya kuanguka chini ya siti ukawaomba watu wanyanyue miguu. (Sindano za ncha mbili pia zina dawa, funga zote na mpira wa hela kabla hujazitia kwenye mkoba.) Kinachoua hii njia kwa wengi wetu ni waya wenyewe. Kwenye video unauona laini kama kamba ya kiatu, kwasababu wao wana sindano za bei. Zile za bei yetu waya wake ni mgumu, umekaa kwenye pakti umejikunja na unabaki umejikunja, unapigana nao kila nusu mzunguko. Uchovye kwenye maji ya moto dakika moja mbili, unyooshe, utalegea, kwa muda. Na angalia pale waya unapoungana na sindano, pitisha ukucha, ukikwama hapo na uzi utakwama hapo, usinunue.

Kwa vitanzi 32 vya soksi ya kichanga, waya unakufanya uchomoe na kuvuta kila baada ya vitanzi 16. Muda mwingi unavuta kuliko kufuma. Kwa vitanzi 72 vya kofia nakubali, hapo ni suala la mkono wa mtu.

Pale ninapouchukua waya bila ubishi ni mkono wa sweta ya mtu mzima, ile ambayo mwili wake umeshafumwa na unaning'inia mapajani mzima mzima. Kila ukigeuza mzunguko na sweta lote linageuka, na sindano tano zikishikana na ule mzigo zinachomoka au zinakuchoma tumbo. Hapo natumia waya wa sentimita 80 toka kwapani mpaka chini ya kiwiko, na mkono ukishaanza kuwa mwembamba kuelekea kwenye kifundo, narudi kwenye tano zangu.