Daftari la nyanjani na meza ya bajeti: utafiti wa ustawi wa jamii Malindi unamtumikia nani?

Methadoni imekuwa ikitolewa bure Malindi, mji wa pwani ya Kenya, lakini anayetibiwa nayo uraibu wa heroini kwa kawaida hulazimika kufika kliniki kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Anayeishi Shela au Barani huenda kwa miguu. Anayeishi Mambrui au Gede hutafuta nauli ya kwenda na kurudi, leo, kesho na kesho kutwa, kwa miezi na hata miaka. Niliwahi kumsaidia mwenzangu, afisa wa ustawi wa jamii, kujaza fomu za watu waliokatiza tiba. Mmoja wao alikuwa kijana aliyejipatia riziki kwa kubeba samaki. Katika daftari lake la nyanjani, mwenzangu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Upepo wa kusi. Mashua hazikutoka siku tatu. Hana nauli." Fomu iliyopaswa kupelekwa juu ilikuwa na visanduku vinne vya sababu, na nauli haikuwamo katika hata kimoja. Tulitia alama kwenye kisanduku cha "ameacha mwenyewe", tukaifunga bahasha.

Bahasha ile imenikalia moyoni kwa sababu inagusa mjadala mkubwa katika taaluma ya ustawi wa jamii: je, anayehudumia watu maskani, yaani vijiweni wanakokutana, na majumbani awe pia mtafiti, na utafiti wake utumike kuwashawishi watunga sera? Fasili ya kimataifa ya taaluma hii, iliyoidhinishwa Melbourne mwaka 2014, inaweka pamoja mabadiliko ya jamii na huduma kwa mtu mmoja mmoja, kana kwamba mambo hayo mawili hayajawahi kugombana. Nyanjani yanagombana sana.

Wanaounga mkono muungano huo wana ushahidi mzito, na sehemu yake imetoka hapa hapa Malindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu mji huu ulieleza jinsi matumizi ya heroini yalivyobadilika: watumiaji waliozoea kuvuta moshi wa "brown sugar" walianza kujidunga pale unga mweupe, "white crest", ulipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Jambo hilo halikuonekana kwanza katika takwimu za wizara. Lilionekana katika mikono ya vijana, na waliolishuhudia mapema ni watu walioketi nao maskani. Baadaye makadirio ya kitaifa yalionyesha kwamba takriban asilimia 18 ya wanaojidunga nchini walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliweka kiwango cha watu wazima kwa jumla kwenye asilimia 5.6. Tarakimu hizo mbili, zikiwekwa ubavu kwa ubavu, zilikuwa na nguvu ambayo masimulizi ya majirani hayakuwa nayo. Serikali ilipotangaza mwaka 2012 mpango wa kugawa sindano safi, viongozi wa dini na wazazi wengi wa Pwani walipinga, na upinzani wao ulistahili heshima: mzazi ambaye mwanawe ameuza hadi mlango wa nyumba ili kete ya heroini ipatikane hawezi kulaumiwa akiuona mgao wa sindano kama baraka kwa unga. Kilichowezesha mazungumzo kuendelea ni ushahidi pamoja na watu waliokuwa na uso wa kuubeba hadi barazani. Mnamo Desemba 2014 methadoni ilianza kutolewa Nairobi, na mwaka 2015 ikafika Malindi.

Mfano wa zamani zaidi ni wa Chicago, Marekani, ambako mwanaharakati Florence Kelley, akiishi katika nyumba ya huduma ya Hull House miongoni mwa familia za wahamiaji, alikusanya habari za viwanda vya jasho vilivyoajiri wanawake na watoto. Habari hizo zilichangia kupatikana kwa sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1893 iliyoweka saa nane za kazi kwa wanawake. Mahakama ya juu ya jimbo iliifuta sehemu hiyo ya saa nane mwaka 1895. Wanaoutaja mfano huu kwa kujivunia mara nyingi huisahau nusu yake ya pili.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inahesabu kuwa kosa si kumiliki heroini tu bali hata kumiliki vifaa vya kuitumia. Kwa hiyo mhudumu anayeingia maskani na daftari anaandika, atake asitake, orodha ya makosa: nani yupo, anatumia nini, mara ngapi, anakaa wapi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee, lakini daftari lililoachwa kwenye bodaboda halijui sheria. Siku maskani itakapoamini kwamba yaliyoandikwa yalifika kituo cha polisi, hata kama si kweli, huduma itakuwa imekufa kabla ya utafiti kukamilika.

Kuna pia uchovu wa kuulizwa. Mtu mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, anayetetemeka na kutapika, hana nafasi ya maswali arobaini, na mara nyingi maswali hayo alikwisha kuyajibu mwaka uliopita kwa mtu mwingine mwenye fulana ya rangi nyingine. Majibu yanakwenda Nairobi au ng'ambo. Yeye anabaki pale pale. Mhudumu naye anapimwa kwa fomu alizojaza, hivyo saa ambayo angeitumia kumsindikiza mama hospitalini anaitumia kutafuta sahihi. Tena, anayefanya utafiti ili atetee sera fulani yumo katika hatari ya kuona anachotaka kukiona. Mimi naamini katika methadoni, na kwa sababu hiyo hiyo sistahili kuaminiwa peke yangu nikisema kwamba inafanya kazi. Lazima niandike pia habari za wanaoinywa na bado wanajidunga, hata kama habari hizo zitatumiwa na wanaotaka kliniki ifungwe.

Nikizipima hoja hizi, naona kwamba wapinzani wametaja madhara ya kweli lakini dawa wanayoipendekeza, yaani kuwaachia utafiti wataalamu wa nje na kumrudisha mhudumu kwenye huduma tupu, ndiyo iliyozaa ile fomu ya visanduku vinne. Aliyeitunga hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumngoja mtu asubuhi ya kusi. Elimu ya nauli ilikuwa katika kalamu ya risasi, na hapakuwa na njia ya kuitoa humo. Mhudumu basi na apewe haki ya kutunga swali kabla ya kupewa wajibu wa kukusanya majibu. Aandike sababu bila majina. Saa za kuandika zihesabiwe kuwa kazi na zilipwe. Matokeo yasomwe maskani kwa Kiswahili kabla hayajasomwa hotelini, na walioyatoa wawe na ruhusa ya kusema "hapa mmekosea".

Lakini ushahidi ulioandikwa vizuri na kufika kwa kuchelewa ni sawa na ambao haukuandikwa. Huduma nyingi za afya zipo mikononi mwa kaunti, na ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Ushiriki huo una majira yake: waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Nimekaa katika vikao vya maoni ambako wahudumu walikuja Juni na masimulizi ya kuliza watu, wakapigiwa makofi, na hakuna shilingi iliyosogea kwa sababu hesabu zilikwisha kufungwa. Hata mafunzo ya kazi hii yanapaswa kubeba kalenda hiyo pamoja na namna ya kumhoji mgonjwa.

Tangu Marekani ilipositisha misaada yake ya nje kwa amri ya tarehe 20 Januari 2025, kalenda hiyo imekuwa na uzito mwingine. Huduma za kupunguza madhara ya mihadarati nchini zilikuwa zimeegemea sana fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na ushawishi wa sera uliokuwa ukielekezwa kwa wafadhili sasa hauna budi kuelekezwa Kilifi, kwenye makao ya kaunti. Diwani hataulizwa kuhusu asilimia 18 ya kitaifa. Ataulizwa ni watu wangapi wa wadi yake wanaokatiza tiba miezi ya kusi, ni siku ngapi wanakosa, na je, ni nafuu zaidi kuwalipia nauli au kufungua dirisha la kunywea dawa katika zahanati iliyo karibu nao. Majibu ya maswali hayo tayari yameandikwa, yametawanyika katika madaftari ya wahudumu, mengine yameloa jasho hadi hayasomeki.