Kati ya "bei njoo DM" na makala ya kurasa nne

Pita kwenye Instagram za wauzaji wa Kariakoo, utakutana na maneno yaliyozagaa kuliko jina la bidhaa yoyote: "Bei njoo DM." Usiyadharau. Yanamtoa mteja hadharani na kumpeleka faragha, ambako muuzaji atampima, atambembeleza, na pengine atampunguzia. Kwa mwenye duka la viatu ni hesabu nzuri. Kwa mteja aliyeulizia maduka sita akajibiwa na mawili, ni usumbufu mtupu.

Timu nyingi za masoko zimegawanyika hapo hapo. Wapo wasemao watu hawasomi: weka picha, mstari mmoja na namba ya simu. Wengine wanataka makala, kwa sababu posti ya leo kesho imezama, ilhali makala nzuri huendelea kuleta wateja kupitia Google hata mwaka wa tatu.

Wenye kupenda ufupi wana hoja nzito, ila wengi wao huitetea vibaya. Ufupi si njia ya mkato. SMS moja inabeba herufi 160, nafasi zikiwemo, na neno "tunakukaribisha" peke yake limekula 15. Ukiweka emoji moja, kikomo kinashuka hadi 70. Hata "ng'ombe" anaweza kukuponza: ukimnakili kutoka Word akiwa na ile alama ya juu iliyopinda, ujumbe wote unahamia kwenye kikomo cha 70, na anayetuma kwa wateja elfu kumi analipia vipande viwili au vitatu badala ya kimoja. Anayeweza kuuza ndani ya nafasi hiyo ni fundi, asilipwe kama mpiga chapa.

Lakini ufupi hutegemea jambo ambalo msomaji tayari analo. Mwandishi wa jina la kanga anajua hilo. Mstari mmoja unachoma kwa sababu jirani anaufahamu ugomvi wenyewe. Mgeni ataona maua tu. Ndivyo ilivyo kwa soda, vocha na viatu: mteja anavijua, anahitaji kukumbushwa.

Sasa chukua pampu ya maji. Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 au 8 hivi, hata injini yake iwe kubwa namna gani. Mkulima mwenye kisima cha mita 20 akinunua kwa kuvutiwa na picha na "ofa ya wiki", amenunua chuma. Alihitaji pampu ya kuzama ndani ya maji, na hakuna kapsheni ambayo ingempa nafasi ya kupima kina cha kisima, urefu wa kupandisha hadi tangi na lita anazotaka kwa saa. Hapo maandishi marefu ndiyo yanayouza, kwa kuwa yanamwondolea mnunuzi hofu ya kupoteza pesa ya msimu mzima. Michelin, watengenezaji wa tairi wa Ufaransa, waliliona hilo mapema. Mwaka 1900, magari yakiwa bado machache Ufaransa, waligawa bure kitabu cha ramani, gereji, hoteli na maelekezo ya kubadilisha tairi. Hadi 1920 ndipo walipoanza kukitoza bei.

Tatizo ni kwamba makala nyingi za kampuni zetu hazina tairi ndani yake. Unafungua ukurasa wa pampu, aya ya kwanza inakuambia maji ni uhai. Ya pili inakuambia maji ni muhimu kwa kilimo. Mwandishi amepewa maneno ya kupachika ili Google imwone, basi anapachika. Februari 2011 Google walibadilisha upangaji wa matokeo ili kuzishusha tovuti za namna hiyo, na bado hazijaisha. Siku hizi mashine inaziandika kwa dakika moja. Kama huna la kumwambia mkulima, afadhali namba ya simu. Angalau hiyo ni ya kweli.

Na kuna jambo dogo linaloniudhi. SMS na posti huandikwa kwa Kiswahili, lakini maelezo ya bidhaa, mwongozo na masharti ya waranti huja kwa Kiingereza. Mteja anaitwa kwa Kiswahili, akishafika anaelezwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo swali la mafupi au marefu nalihamishia kwingine: nani anajua? Kwenye duka la pampu, anayejua ni fundi, naye hajawahi kualikwa kwenye kikao cha masoko. Yuko nje, ameshika simu, anamjibu mtu kwa sauti ya WhatsApp kwa mara ya nne leo: kisima chako kina mita ngapi, tangi liko juu kiasi gani, una umeme au unataka sola?