Kerneli ya Linux si goigoi kama mnavyodai

Juzi barazani Darajani fundi mmoja anaeuza intaneti mtaani kashikilia kwamba kompyuta ya Linux anayoitumia kama rauta haitoweza gigabiti 10 kwa sekunde, kwa hivyo ataipita kabisa kerneli, yaani kile kiini cha Linux kinachoendesha vifaa, aweke DPDK, zana inayoiwezesha programu yake iende kuzichukua pakiti (vile vipande vya data) yenyewe kwenye kadi ya mtandao. Na hesabu anayo, tena ya kweli: gigabiti 10 za pakiti ndogo za baiti 64 ni pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, kila moja ina nanosekunde 67 tu, prosesa ikenda RAM mara moja kutafuta kitu basi muda wote ndo umekwisha au karibu.

Lakini yakhe, hiyo 67 ndo inayotupotosha. Mteja gani anapokea baiti 64 tupu mchana kutwa? Watu wanatizama video, wanapakua, pakiti zinakuja na baiti 1500, hapo zinakuwa kama laki 8 tu kwa sekunde na kila moja ina nanosekunde 1,230, halafu kerneli yenyewe inazikusanya kadhaa inazipitisha kama moja. Nafasi ipo tele. Zile ndogo tupu utaziona siku umeshambuliwa, na kwa hilo tangu 2016 Linux ina XDP, kijiprogramu kinakaa kwenye draiva kinazitupa pakiti chafu kabla kerneli haijazitengea hata kumbukumbu, Facebook na Cloudflare wanakitumia.

Sasa ukiipita kerneli unaacha mangapi? iptables ya kuchuja pakiti huna, tcpdump ulioizoea kuchungulia pakiti haioni kitu, hata ARP, ile ya kujua anuani ya IP iko kwenye kadi gani, uitafutie programu nyengine. Na umeme! DPDK kwa kawaida inaichukua kori nzima ya prosesa (prosesa moja ina kori kadhaa, kila moja inafanya kazi yake), asilimia 100, inaiuliza kadi "kuna kitu?" bila kusita, hata saa 9 usiku watu wamelala. Sisi Unguja tulokaa gizani miezi 3, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua betri na jenereta zinakula pesa kiasi gani. Kerneli pakiti zikipungua inangoja kadi iiamshe.

Sikatai, mwenye gigabiti 100 pakiti ndogo inabakiwa na nanosekunde 6.7, huyo aipite tu, na mitandao mikubwa ya simu vilevile. Kwa rauta ya mtaani mie ningeanza kutizama kama kazi yote haijarundikwa kwenye kori moja na nyengine 7 zimekaa bure, maana hilo nimelikuta mara nyingi, zigawe foleni za kadi, pale pakiti zinapongojea, kwa kori zote halafu ndo upime tena.