Sauti umeinunua, mbona unadaiwa?

Prodyuza mmoja, rafiki yangu, ana studio chumbani kwake Kisauni, Mombasa. Godoro kuukuu limeegemezwa ukutani kumeza mwangwi, feni huzimwa kila maiki ikiwashwa, na adhana ya msikiti wa jirani ndiyo inayopanga ratiba ya kurekodi. Msimu wa arusi ulipokaribia alitoa wimbo wa chakacha unaoanza na udi mtupu, sekunde kama kumi na tano hivi, kisha ngoma zikaingia. Udi ule hakuupiga yeye. Aliununua kwenye pakiti ya sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari, zinazouzwa kwa jina la "bila mirabaha", akalipa, akapewa leseni. Siku ya tatu ikaja barua pepe kutoka YouTube: wimbo una madai ya hakimiliki, na mapato yake yanakwenda kwa mtu mwengine. Akanipigia simu. "Yakhe, njoo unisomee hii. Risiti ninayo. Nimeiba nini mimi?"

Hakuiba kitu. Shida ni kwamba hata aliyemdai huenda naye hakuiba.

Hilo neno "bila mirabaha" ndilo linalotupoteza. Wengi wetu tukilisikia tunaelewa "bila mwenyewe". Maana yake ni finyu zaidi: unalipa mara moja, halafu hudaiwi tena kila wimbo unapochezwa. Sauti yenyewe inabaki mali ya aliyeirekodi au ya kampuni iliyomlipa, na leseni kama yako wanauziwa wengine, wawe kumi au elfu kumi. Nenda Biashara Street ununue leso. Pindoni utakuta imepigwa chapa "Mali ya Abdulla", na bado ukitoka dukani leso ni yako, ujifunge au uikate ushone mapazia. Mchoro ndio si wako, na huwezi kumkataza jirani aliyenunua doti ya mchoro huohuo asiende nayo arusini. Kilichompata rafiki yangu ni hiki: jirani alitangulia kufika arusini, akamwambia bawabu kwamba leso ile ni yake peke yake, na bawabu akasadiki.

Bawabu mwenyewe ni mashine. Inayojulikana zaidi ni Content ID ya YouTube, iliyoanza 2007, na mitandao mingine ina mifumo ya namna hiyo. Mwenye wimbo, au kampuni inayomsambazia, anaingiza faili lake. Mashine inachukua alama za sauti ile kama vile afisa anavyochukua alama za vidole, halafu kila video inayopakiwa inalinganishwa nazo. Ikikuta zinafanana, inatoa dai. Haina habari na leseni, wala haiwezi kujua kwamba udi ule ulirekodiwa na mtu wa tatu ambaye pengine Mombasa hajawahi kuisikia. Inachojua ni nani alifika kwanza.

Na kanuni ipo. YouTube inakataza kusajili humo sauti usiyoimiliki peke yako, na lupu (vipande vya sauti vya kurudiwarudiwa) na sampuli zenye leseni ya watu wengi zimetajwa waziwazi. Lakini mwanamuziki wa kawaida hakutani na kanuni hiyo. Anakutana na kisanduku kidogo kwenye fomu ya msambazaji wake, kinachomuuliza kama anataka kulipwa wimbo wake ukitumika kwenye video za watu. Nani ataacha kuweka tiki hapo?

Kabla hatujailaani mashine, tuitazame kwa jicho la mwimbaji. Kuna waimbaji hapa pwani ambao nyimbo zao zimepakiwa na kila mwenye kamera ya arusi, na mapato yakaliwa na chaneli wasizozijua. Zamani dawa ilikuwa wakili, na ada ya wakili inashinda mapato ya wimbo wenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda, naam, ila sheria haiwezi kukesha ikitazama video. Mashine inaweza. YouTube inapokea zaidi ya saa 500 za video kila dakika, na hakuna ofisi ya binadamu inayoweza kuzipitia zote. Tena mwenye haki halazimiki kuifuta video: anaweza kuiacha iendelee na yeye achukue mapato, na wengi hufanya hivyo. Kwa mwimbaji wa Likoni asiye na wakili, hiyo si neema ndogo.

Pia si kila dai ni la uonevu. Pakiti nyingine za sampuli zimetengenezwa na watu waliokata vipande kutoka sahani za santuri za zamani, wakavibandika jina jipya, wakaviuza. Ukinunua bidhaa ya wizi kwa nia njema, mwenye mali bado atakudai, na risiti yako itakusaidia kumtafuta aliyekuuzia, basi. Pakiti ya bure iliyookotwa kwenye kundi la Telegramu, hata risiti hiyo haina.

Hata hivyo, tazama hesabu. Ripoti ya kwanza ya uwazi ya YouTube kuhusu hakimiliki, ya nusu ya kwanza ya 2021, ilionyesha madai zaidi ya milioni 700. Yaliyopingwa hayakufika asilimia 1, na watetezi wa mfumo husema hiyo ni dalili kwamba unafanya kazi sawasawa. Lakini katika hayo machache yaliyopingwa, aliyepakia video alishinda kwa kiasi cha asilimia 60, yaani madai kama milioni 2.2 yaliyoangushwa ndani ya miezi sita. Mimi naisoma hesabu hiyo vibaya zaidi. Kutopinga si kukiri. Kwetu hapa wengi hawapingi kwa sababu wanaogopa, wakidhani dai na onyo ni kitu kimoja. Si kimoja. Dai peke yake haliifungi chaneli. Onyo ndilo la kuogopwa, kwani matatu ndani ya siku 90 yanaweza kukufungia, na hilo huja mtu anapoomba rasmi kazi yako iondolewe. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kijana anaisoma saa sita za usiku, anaona maneno "hatua za kisheria", anafunga kompyuta.

Halafu kuna muda. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Mapato huwekwa kando wakati huo, na ukipinga ndani ya siku 5 za mwanzo yanashikwa tangu siku ya kwanza ya dai, kwa hiyo haraka ina faida. Lakini siku 30 kwa wimbo wa arusi ndiyo umri wake wote. Madai yakija kufutwa, watu washahamia wimbo mwengine.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuacha sampuli, mpigaji halisi aitwe studio. Wazee wa taarabu hunieleza hivyo kwa fahari, nami huwakumbusha, kwa adabu, kwamba Juma Bhalo alivuma Mombasa nzima kwa kuimba Kiswahili juu ya tuni za filamu za Kihindi. Kuazima hakukuanza na kompyuta. Na lupu si alama ya uvivu: ngoma za "Umbrella" ya Rihanna, ya 2007, zilitoka kwenye lupu ya GarageBand, programu inayokuja na kompyuta za Apple. Lakini nakubali kwamba mpigaji zumari wa hapa akirekodiwa, kwa mapatano yaliyoandikwa, hiyo ni sauti isiyo na doti ya pili. Gharama ndiyo swali, na siyo kila biti ya kijana itairudisha.

Kwa maoni yangu mzigo umewekwa upande usiofaa. Anayesajili sauti ndiye angetakiwa kuthibitisha kwamba ni yake peke yake, kabla mashine haijaanza kuwadai wengine. Kwa sasa anayethibitisha ni anayedaiwa. Nako kukatakata lupu, kuigeuza, kuificha chini ya ngoma, kunasaidia kiasi, ila inachekesha kwamba mtu aliyelipa anafundishwa kujificha kama mwizi. Cheti cha usajili wa wimbo cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni kizuri kuwa nacho, lakini hakikupi umiliki wa lupu, na mashine haikisomi.

Rafiki yangu alipinga siku ya nne. Tuliandika pamoja: jina la pakiti, tarehe ya kununua, namba ya leseni, sekunde ambamo udi unasikika. Mdai hakujibu, na siku 30 zilipokwisha dai likaanguka lenyewe. Tukanunua mahamri tukasherehekea.

Wiki mbili baadaye alipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Tanga. "Shikamoo kaka, samahani, wimbo wako umeudai wangu. Mimi udi huu nimeununua, leseni hii hapa." Akafungua akaunti yake ya msambazaji, mimi nikiwa nimekaa kando. Kisanduku kilikuwa na tiki, ameiweka mwenyewe siku alipopakia. Aliitoa, akaandika kuomba dai liachiliwe. Zilikuwa zimeshaingia shilingi mia nne na kitu, na kwenye fomu nzima hapakuwa na mahali pa kuzirudishia.