Bibi Naye Afundishwe Mazoezi

Msimu wa korosho ukifika, mtoto mwenye utindio wa ubongo (ubongo uliodhurika mapema, ukashindwa kuongoza misuli vizuri) kule Newala au Tandahimba hapelekwi tena mjini Mtwara kwa mazoezi ya viungo. Mama yuko shambani anaokota korosho, mtoto kaachiwa bibi. Nimesikia mama kama huyo akiitwa mzembe. Nauli unampa wewe?

Nionavyo mimi, tunakosea kudhani tiba iko kwenye ile nusu saa ya kitandani hospitali. Misuli iliyokaza haingoji siku ya kliniki. Mtoto anayelala chali kutwa viungo vinakakamaa hata kama mtaalamu wake ni hodari kiasi gani. Mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, nao ni hivyohivyo: plasta zinabadilishwa kila wiki, zinakwisha, halafu viatu maalumu vinavaliwa usiku mpaka mtoto afike miaka 4 hivi. Anayevivalisha usiku ni nani?

Kwa hiyo bibi afundishwe, tena kwa mikono yake mwenyewe, si kuambiwa tu. Mtoto ambaye miguu inapishana kama mkasi ambebe ubavuni, mapaja yakiwa yamepanuka kiunoni mwake. Hapo kutembea kwenda kisimani tayari ni zoezi. Uji asimnyweshe amelala, utaingia kwenye mapafu. Amketishe wima, kidevu kiinamie mbele kidogo. Kukanda kwa mafuta ya nazi sina ugomvi nako, ila goti lisivutwe kwa nguvu: ukilivuta ghafla msuli unazidi kukaza. Linyooshwe polepole, mtoto akiwa ametulia, ikiwezekana baada ya kuoga maji ya uvuguvugu.

Na kiti? Fundi seremala wa kijijini akionyeshwa vipimo atakitengeneza. Kuna hata viti vinavyotengenezwa kwa maboksi ya zamani na gundi ya unga, vikikauka vinabeba mtoto vizuri tu. (Mvua isivikute.)

Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, najua, na hawawezi kuhamia kila kijiji. Lakini siku ya kupima uzito wa watoto wachanga inajulikana zahanati zote. Mtaalamu mmoja akipangiwa kuzunguka siku hizo, hasa kati ya Oktoba na Desemba, bibi atakuja kwa miguu na mjukuu wake ubavuni, na mtaalamu ataona papo hapo kama anambeba sawasawa.